Wizi wa Kura Hauanzii Kwenye Sanduku

Kila uchaguzi unapokaribia wito huwa uleule: pigeni kura, kisha mzilinde. Wanaouitikia hukesha karibu na kituo, macho kwenye sanduku, wakimsubiri mtu atakayeingia na begi la karatasi zilizokwisha kutiwa tiki. Mara nyingine huja kweli. Lakini ukizipitia chaguzi zilizovurugwa katika miaka mia moja hii, utaona kwamba begi la kura ni silaha ya aliyechelewa. Aliyejiandaa humaliza kazi miezi kadhaa kabla, wakati hakuna kamera wala mwangalizi. Au husubiri vituo vifungwe, karatasi zigeuke tarakimu, na tarakimu zianze safari kutoka ofisi hadi ofisi. Nguvu nyingi za wananchi zinamwagwa mahali ambapo wizi mkubwa umekwisha kupita, au bado haujafika.

Nianze na sanduku lenyewe, kwa kuwa ndilo linalojulikana zaidi. Liberia, mwaka 1927, Rais Charles King alitangazwa kuwa na kura 243,000 wakati waliojiandikisha hawakufika 15,000. Hapo hapakuhitajika uchunguzi wowote. Mwaka 1948 huko Texas, Marekani, Lyndon Johnson, ambaye baadaye alikuwa rais, alishinda kura za mchujo za useneta kwa tofauti ya kura 87 kati ya takriban milioni moja. Zilizomvusha zilitoka kwenye sanduku namba 13 la mji wa Alice. Siku kadhaa baada ya watu kupiga kura, orodha ya kituo hicho iliongezewa majina 202, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, yakiwa yamepangwa kwa alfabeti. Hakuna foleni ya wapiga kura inayojipanga kwa herufi za majina.

Visa hivi viwili vilijulikana kwa sababu viliacha karatasi. Pale ambapo karatasi haipo, mwizi hana hofu. Kura za mchujo za KANU, chama pekee cha siasa nchini Kenya wakati huo, mwaka 1988 zilipigwa kwa mlolongo: watu walijipanga hadharani nyuma ya mgombea wao au wakala wake, wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshinda ubunge moja kwa moja, bila kura ya siri. Katika maeneo mengi umma ulisimama na kutazama mlolongo mfupi ukitangazwa kuwa mshindi. Kila mtu aliona, na hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa kuwa watu wakishatawanyika hakuna kitu cha kuhesabu upya. Kwa hiyo mfumo wowote wa kupiga kura, uwe wa mlolongo au wa mashine, ukiwa hauachi karatasi ya kurudia kuhesabu, mimi siuamini hata kama umeendeshwa na watu waaminifu.

Kujaza kura za bandia sandukuni kuna udhaifu unaojulikana vizuri. Hufanyika zaidi katika ngome za mgombea, kwa kuwa huko mawakala wa wapinzani ni wachache, wametishwa au wamenunuliwa, na dalili yake ni mahudhurio ya kupita kiasi: asilimia 95, 98, wakati mwingine zaidi ya 100. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa Kenya wa 2007, ilizikuta dalili hizo katika ngome za pande zote mbili, jambo ambalo mashabiki wa kila upande hawapendi kulisikia. Nchini Urusi wachambuzi wa takwimu wameonyesha mara kwa mara kuwa vituo vyenye mahudhurio ya asilimia 70, 75 au 80 kamili ni vingi kuliko inavyowezekana kwa kawaida. Mtu anayebuni namba huvutwa na namba kamili, na mkono wake huonekana ukivitazama vituo vyote kwa pamoja.

Kununua kura ni suala jingine, na hapa natofautiana na wanaoanza kwa kumlaumu mpiga kura maskini. Kura ya siri, ile ya karatasi zilizochapishwa na serikali na kuwekwa alama faraghani, ilianza katika koloni la Victoria, Australia, mwaka 1856, na Uingereza ikaichukua mwaka 1872. Shabaha mojawapo ilikuwa kumnyima mnunuzi uhakika: unampa mtu fedha, lakini hujui alichokifanya ndani. Kwa hiyo kila mbinu ya rushwa ya kura iliyokuja baadaye ni jitihada ya kurudisha uhakika huo. Kuna mnyororo, ambapo mtu wa kwanza hutoka na karatasi tupu iliyofichwa, wakala wa rushwa huiwekea alama, wa pili huingia nayo, huitumbukiza na kutoka na tupu nyingine. Siku hizi kuna picha ya simu. Na kuna njia ambayo haihitaji uhakika wowote: kununua au kukusanya kadi za wafuasi wa mpinzani ili wasipige kura kabisa. Mahubiri ya maadili hayajawahi kuizima biashara hii. Kinachoiumiza ni kuilinda siri yenyewe: simu zisiingie kwenye kibanda, kila karatasi ihesabiwe inapotolewa na inaporudi, na sheria isifungue mwanya. Tanzania iliufungua mwaka 2000 kwa kuhalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006 kwa kuwa ilikiuka katiba na kumbagua mgombea asiye na fedha.

Hayo yote ni ya siku ya kura na siku zinazoizunguka. Tuyaache, turudi nyuma kidogo.

Daftari la wapiga kura ndilo jambo la kwanza kuchezewa. Watu hulalamikia wapiga kura hewa, na wana sababu: tume ya Kriegler ilikadiria kuwa daftari la Kenya la 2007 lilikuwa na majina takriban milioni 1.2 ya watu waliokwisha kufa. Hata hivyo jina la marehemu peke yake halipigi kura. Linakuwa hatari linapokutana na msimamizi aliye tayari kulitumia. Kwa maoni yangu kinachouma zaidi ni kinyume chake, yaani mtu hai asiyeona jina lake. Vituo vya kujiandikisha vikiwa vichache katika maeneo ya wapinzani, mashine zikiharibika huko na kufanya kazi kwingine, majina yakihamishiwa vituo vya mbali bila taarifa, maelfu ya kura hupotea bila karatasi hata moja kughushiwa. Na hakuna atakayeitwa mwizi, maana kila kasoro ina maelezo ya kiofisi.

Mipaka ya majimbo nayo ni kongwe kuliko watu wanavyodhani. Uingereza iliwahi kuwa na jimbo la Old Sarum lenye wapiga kura wanaohesabika kwa vidole, nalo likipeleka wabunge wawili, wakati miji mikubwa kama Manchester haikuwa na mbunge wake mpaka mageuzi ya 1832. Mwaka 1812 Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alisaini ramani iliyopindwapinda ili chama chake kipate viti vingi kuliko kura zake. Ramani za aina hiyo bado zinachorwa Marekani leo, kwa kompyuta, tena kwa usahihi ambao Gerry hangeweza kuuota. Mahakama huhangaika nazo kwa kuwa haziibi kura hata moja. Zinapanga tu kura ipi iwe na uzito na ipi ipotee bure.

Lakini katika yote yanayofanyika kabla ya siku yenyewe, hakuna linalozidi kuengua wagombea. Fikiria anachookoa mtawala: hahitaji kughushi, hahitaji polisi vituoni, wala waangalizi hawana cha kuandika kuhusu hesabu, kwa kuwa hesabu itakuwa sahihi kabisa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa Tanzania, Novemba 2019, wagombea wengi wa upinzani walikataliwa kwa sababu za ujazaji wa fomu, vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na chama tawala kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Venezuela, María Corina Machado alishinda kura za mchujo za upinzani Oktoba 2023. Januari 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha kuwa amezuiwa kugombea. Mwanamama aliyeteuliwa kuchukua nafasi yake, Corina Yoris, hakuweza kusajiliwa kwenye mfumo wa tume. Upinzani ukaishia kwa mgombea wa tatu, Edmundo González, mwanadiplomasia mstaafu ambaye wapiga kura wengi hawakumfahamu.

Kosa la spelingi, mhuri uliosahaulika, ofisi ya msimamizi iliyofungwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu: sababu hizi zinaonekana ndogo, na ndiyo nguvu yake. Ukizilalamikia unaambiwa fuata utaratibu. Utaratibu nao una ngazi ya rufaa inayotoa uamuzi baada ya karatasi za kura kuchapishwa. Ningekuwa mwangalizi wa uchaguzi mwenye siku chache tu za kukaa nchini, ningezitumia kwenye ofisi za uteuzi wa wagombea, na siku ya kura ningebaki hotelini.

Kisha kuna kinachofuata baada ya vituo kufungwa. Hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu.

Kujaza masanduku katika vituo elfu moja kunahitaji maelfu ya watu walio tayari kushiriki na kunyamaza. Kubadili tarakimu kwenye kituo cha majumuisho kunahitaji wachache waliomo katika chumba kimoja. Ufilipino, Februari 1986, Ferdinand Marcos akishindana na Corazon Aquino, mafundi kompyuta 35 wa tume ya uchaguzi waliinuka wakatoka nje ya ukumbi wa majumuisho, kwa kuwa namba zilizokuwa zikionyeshwa ubaoni hazikulingana na zilizokuwa kwenye mashine zao. Haikupita hata mwezi Marcos akakimbia nchi. Mexico, Julai 1988, matokeo ya awali yalipoanza kumweka pabaya mgombea wa chama tawala, umma ukaambiwa kuwa mfumo umeanguka. Uliporudi, Carlos Salinas alikuwa mbele, na akatangazwa mshindi kwa zaidi kidogo ya asilimia 50. Karatasi za kura zilichomwa moto mwaka 1991, hivyo mjadala hauwezi tena kufungwa kwa ushahidi. Azerbaijan ilikwenda mbali zaidi: Oktoba 2013, siku moja kabla ya watu kupiga kura, programu ya simu ya tume ya uchaguzi ilionyesha matokeo, mshindi akiwa tayari na asilimia zake.

Kinga dhidi ya wizi huu ni ya kizamani kabisa: kura zihesabiwe kituoni mbele ya mawakala, fomu isainiwe, kila wakala apewe nakala, na nyingine ibandikwe ukutani kabla sanduku halijaondoka. Hapo tarakimu inakuwa imezaliwa mbele ya mashahidi. Atakayeibadilisha njiani atapaswa pia kubadilisha nakala zilizomo mifukoni mwa watu asiowajua. Kesi ya Maina Kiai na wenzake huko Kenya, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani Juni 2017, ilihusu jambo hilihili: mahakama ilisema matokeo ya urais yaliyotangazwa jimboni ni ya mwisho, na makao makuu ya tume hayana mamlaka ya kuyageuza. Miezi miwili baadaye tume ikamtangaza mshindi wa urais kabla haijapokea kutoka vituoni fomu zote za 34A, zile zinazobeba matokeo ya kila kituo. Mahakama ya Juu ilipoagiza seva zifunguliwe zikaguliwe, agizo halikutekelezwa kikamilifu. Tarehe 1 Septemba 2017, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi ukafutwa.

Malawi iliipata kesi yake kwenye karatasi zenyewe. Baada ya uchaguzi wa Mei 2019, fomu za matokeo zilikutwa zimefutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia na kuandikwa upya, nyingine hazina saini za mawakala, na tume ikazipokea. Wakati kesi ikiendelea kulikuwa na jaribio la kuwahonga majaji, na mfanyabiashara mkubwa wa huko alihukumiwa kifungo mwaka 2021 kwa jaribio hilo. Watu huisahau njia hii wanapotaja aina za wizi wa kura, ingawa inaweza kuwa nafuu kuliko zote: majaji watano ni wachache kuliko wapiga kura milioni saba. Majaji wa Malawi waliripoti, wakafuta uchaguzi Februari 2020, na marudio ya Juni yakampa Lazarus Chakwera zaidi ya asilimia 58.

Venezuela inarudi tena hapa. Julai 2024 tume ilimtangaza Nicolás Maduro kwa asilimia 51 hivi na haikuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo. Lakini mawakala wa upinzani walikuwa wametoka vituoni na nakala. Walizikusanya, wakaziweka wazi mtandaoni zaidi ya asilimia 80 ya fomu zote, nazo zilimwonyesha González akiwa ameshinda kwa tofauti kubwa. Maduro aliapishwa hata hivyo. Sisemi basi kwamba fomu huzuia uporaji. Fomu humlazimisha mporaji apore mchana, akijulikana, na nchi nyingine zikijua zinamtambua nani. Bila zile nakala, González angebaki mwanasiasa mwingine anayelalamika.

Kuzimwa kwa intaneti siku za uchaguzi nakuona kwa mwanga huohuo. Uganda iliizima Januari 2021, usiku wa kuamkia kura, na haikurudi kwa siku kadhaa. Maelezo rasmi huwa usalama na habari za uongo. Matokeo yake ni kwamba picha ya fomu iliyopigwa kituoni haiwezi kufika kwa mwenzako anayejumlisha, mpaka tangazo rasmi litakapokuwa limekwisha kutolewa.

Na ikishindikana kubadili tarakimu, hufutwa zote. Nigeria ilifuta uchaguzi wa 12 Juni 1993, ambao matokeo yake yalimwonyesha Moshood Abiola akiongoza. Zanzibar, Oktoba 2015, siku tatu baada ya kura ambayo waangalizi walikuwa wameisifu, mwenyekiti wa tume Jecha Salim Jecha alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Marudio ya Machi 2016 yalisusiwa na chama kikuu cha upinzani. Ivory Coast, Desemba 2010, tume ilimpa Alassane Ouattara asilimia 54.1. Baraza la Katiba likafuta kura za wilaya kadhaa za kaskazini na kumpa Laurent Gbagbo 51.45. Machafuko yaliyofuata yaliua takriban watu 3,000. Kisingizio cha kufuta kura hizo kilikuwa kwamba zimeibwa.

Kisingizio hicho kinastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa kulia wizi ambao haukuwepo ni njia mojawapo ya kuiba. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2020, Donald Trump na washirika wake walifungua kesi zaidi ya 60 na kushindwa karibu zote. Jimbo la Georgia lilihesabu upya kwa mkono takriban karatasi milioni tano, na mshindi akabaki yuleyule. Tarehe 2 Januari 2021 Trump alimpigia simu msimamizi mkuu wa uchaguzi wa jimbo hilo akimtaka atafute kura 11,780, idadi iliyozidi kwa moja tu tofauti iliyomwangusha. Brazil nayo, Juni 2023, mahakama ya uchaguzi ilimzuia Jair Bolsonaro kugombea kwa miaka minane kwa kuwaita mabalozi na kuwaambia, bila ushahidi, kwamba mashine za kura haziaminiki.

Anayepinga matokeo kwa haki na anayepinga kwa hila hutumia maneno yaleyale. Hutofautishwa na kile wanachokiweka mezani. Austria ni mfano mzuri wa upande wa haki. Duru ya pili ya urais, Mei 2016, iliamuliwa kwa kura 30,863. Aliyeshindwa alionyesha kuwa katika wilaya nyingi bahasha za kura za posta zilifunguliwa mapema au na watu wasioruhusiwa. Hakuna aliyethibitisha kuwa hata kura moja ilighushiwa. Mahakama ya Katiba ikafuta duru hiyo hata hivyo, kwa kuwa kura zilizoguswa kinyume cha sheria zilitosha kubadili mshindi. Desemba waliporudia, Alexander Van der Bellen alishinda tena, tena kwa tofauti kubwa zaidi. Huko North Carolina, Marekani, uchaguzi wa mbunge wa 2018 ulioamuliwa kwa kura 905 haukuthibitishwa, ukarudiwa, baada ya kubainika kuwa watu waliolipwa walikuwa wakikusanya kura za posta za wananchi majumbani kinyume cha sheria. Pande zote mbili zilisikilizwa hadharani, ushahidi ukachambuliwa, na mgombea aliyeongoza mwishowe mwenyewe akakubali kuwa urudiwe.

Yote niliyoyaeleza kuhusu fomu, nakala na mawakala yanategemea kuwepo kwa mahali pa kuyapeleka. Katiba ya Kenya inatoa siku 14 za kuamua kesi ya urais, muda mfupi mno kwa kazi hiyo, lakini mlango upo. Katiba ya Tanzania, ibara ya 41(7), inasema mgombea akishatangazwa na tume kuwa amechaguliwa rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua Julai 2020 kuwa ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo, ikaiagiza serikali iirekebishe. Hadi watu walipokwenda vituoni Oktoba 2025 ilikuwa bado imo. Wakala aliyetoka kituoni siku hiyo na nakala ya matokeo ya urais mkononi, hata kama ilikuwa na saini zote na tarakimu sahihi, hakuwa na mahakama ya nchi yake ya kumsikiliza.